Nyumba ya Vioo Porini: Mke wa Bibi Gati

“Huyu mwanamke ni mke wangu.”

Katika toleo la Jumamosi iliyopita Bibi Gati alitamka maneno hayo, nasi tukalazimika kumwacha hapohapo porini, nje kidogo ya mji wa Mugumu, mkongojo wake umenyooka kuelekea kifua cha Waisiko. Waisiko, mama mzazi wa Mniko, ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari la mwanawe. Mguu mmoja chini, mwingine bado ndani.

Mguu ule wa ndani haukushuka.

Kibarua mmoja aliyeshika nyundo akaangua kicheko. “Bibi ameoa! Jamani, alipigiwa ngoma na nani?”

“Funga mdomo, wewe,” alifoka Fundi Abdillah. “Shika kamba yako.”

Lakini hata Fundi Abdillah mwenyewe, mtu aliyejenga misikiti, makanisa na mabanda ya kuku katika wilaya nzima ya Serengeti, alikuwa ametumbua macho.

Mokami alisimama katikati ya sebule, futi kamba mkononi. Sebule yenyewe haikuwa na ukuta hata mmoja. Siku ile ndiyo walikuwa wanaitoa nyumba kwenye karatasi na kuilaza chini: vigingi vimechomekwa, kamba zimevutwa, chokaa nyeupe imemwagwa juu ya majani, kila chumba mahali pake katikati ya migunga. Na kwa sheria ya Fundi Abdillah, siku ya kuvuta kamba hakuna kuruka kamba. Kila mtu apite penye mlango, hata kama mlango wenyewe ni hewa tupu.

Mokami ndiye aliyeichora nyumba ile. Binti wa kijiji cha Nyarero, mchora ramani mwenye kiofisi jirani na stendi ya Tarime, na baada ya mavuno alikuwa aingie humo kama mke wa mwenye nyumba, Mniko. Bibi yake, huyo Gati, alikuwa ameletwa kutoka Itiryo ili autemee msingi mate ya baraka. Waisiko alikuwa ameletwa kutoka machimboni ili akutane na upande wa mkwewe kwa mara ya kwanza.

Hakuna aliyejua kwamba wanawake wale wawili waliwahi kulala boma moja.

“Mama,” alisema Mniko, akicheka kicheko kisicho na pumzi, “mwambie Bibi amekufananisha.”

“Amenifananisha,” alidakia Waisiko. “Macho ya uzee hayo. Mimi huyu bibi simjui. Sijawahi kukanyaga Itiryo.”

“Nani amekutajia Itiryo?” aliuliza Bibi Gati.

Waisiko akageuka kwa mwanawe. “Si Mniko ndiye aliniambia?”

“Mimi nilikwambia Nyarero, mama,” alisema Mniko taratibu. “Nilikwambia Mokami ni wa Nyarero. Itiryo sijaitaja.”

Kicheko cha kibarua kikakatika.

Mokami hakusikia tena walichojibizana. Akili yake ilikuwa imeshafika Itiryo, kwenye boma la Bibi, kwenye nyumba ndogo ya udongo isiyolaliwa na mtu. Alilelewa pale tangu mama yake, Philomena, alipofariki. Kila mvua zikikatika, Bibi alimpa ndoo ya udongo uliochanganywa na samadi. “Nenda kakandike nyumba ya mke wangu.” Naye mtoto alikandika ukuta wa nyumba tupu, akaulainisha kwa viganja, bila kuuliza. Angeuliza nini? Kwao Ukuryani jambo hilo halimshangazi mtu. Mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa msichana. Msichana atazaa na mwanamume wa nje, lakini watoto ni wa yule mama aliyetoa ng'ombe, na jina la boma lake halifi. Nyumba ntobhu, ndivyo wanavyoiita.

Mke wa Bibi alizaa mtoto wa kiume. Kisha akatoroka naye mgongoni. Hayo tu ndiyo Mokami aliyoambiwa. Jina la mke lilikuwa halitajwi. Jina la mtoto lilikuwa Mniko.

Na jina hilo halikuwahi kumshtua, kwa sababu ukisimama sokoni Tarime ukaita “Mniko!”, watageuka wanaume watano na fundi baiskeli.

Kikohozi kikambana Bibi Gati. Vumbi la chokaa. Akainama juu ya mkongojo, na bila kutazama, akanyoosha mkono mmoja pembeni, kama mtu anayejua kwamba pembeni yake kuna mtu.

Waisiko akashuka kwenye gari.

Hakuamriwa. Alikwenda moja kwa moja kwenye dumu la maji la vibarua, akajaza kikombe, akaonja funda moja, akafuta ukingo wa kikombe kwa pindo la kanga yake, akakiweka kwenye kiganja cha bibi na kukishikilia kwa mikono miwili mpaka kikashikika. Bibi akanywa. Kikohozi kikatulia.

Ndipo Waisiko alipoitazama mikono yake mwenyewe.

“Simjui,” alisema tena. Safari hii alisema chini chini, kama anayejiambia mwenyewe.

“Bado unaonja kwanza,” alisema Bibi Gati. “Hujasahau.”

Waisiko alikaa kwenye rundo la matofali.

“Nilikuwa msichana mdogo!” alilipuka. “Ng'ombe waliingia kwetu, nikaambiwa vaa, twende. Nani aliniuliza, Bibi? Nani?”

“Hakuna,” alijibu Bibi Gati. “Na mimi hakuna aliyeniuliza nilipoolewa. Wala hakuna aliyeniuliza wake wenzangu waliponicheka kwamba nikifa watanizika kama mpita njia.”

“Hukuwa mbaya kwangu. Sisemi ulikuwa mbaya.”

“Sasa ulikimbia nini?”

“Heche.” Jina lilimtoka kama mwiba. “Heche alikuwa anakuja gizani na kuondoka kabla hakujakucha, kama ilivyotakiwa. Mimi nikampenda. Nilitaka mtoto wangu awe na baba wa kula naye mchana. Tukavuka mpaka pale Sirari, tukaishi ng'ambo. Tukarudi machimboni tukiwa hatuna kitu. Duara, shimo la dhahabu, likamfunika Heche, Mniko hajaota hata meno ya pili. Tangu hapo ni turubai na mimi, turubai na mimi, mpaka huyu mtoto alipopata dhahabu yake.”

“Mniko ni jina nililompa mimi. Jina la mume wangu. Kwa nini hukulibadilisha?”

Waisiko alifunika uso kwa kanga.

Mniko alisogea. Mtu mzima, mwenye maduara yake na karasha yake ya kusagia mawe, mtu ambaye wachimbaji humnyamazia akipita, akapiga goti kwenye chokaa mbele ya kikongwe wa Itiryo.

“Kwa hiyo mimi ni mtoto wako?”

Bibi Gati akamshika uso, akaupapasa kwa vidole vilivyopinda. “Masikio ni ya Heche,” alisema. “Mengine yote ni yangu.”

Mniko akacheka. Macho yalikuwa yamemjaa maji na bado alicheka, maana kijana aliyekulia kwenye turubai, asiye na shangazi wala babu wa kumtaja, alikuwa ameokota ukoo mzima asubuhi moja. Akageuka, mikono ameitandaza.

“Mokami! Unasikia? Bibi yako ni mama yangu!”

Kisha akajisikia alichosema.

Mikono ikabaki hewani. Tabasamu likamtoka usoni polepole, kama maji yanavyonywewa na mchanga.

“Alhamdulillahi,” alianza Fundi Abdillah, “yaani kumbe wewe ni mj…”

“Usilitamke hilo neno, fundi!” Mniko alimkata.

Fundi akalimeza.

Mokami alizungumza kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa kavu. “Bibi. Ng'ombe uliomwolea Waisiko uliwatoa wapi?”

“Unajua nilikowatoa.”

“Nataka useme.”

“Wa Philomena. Baba yako alipomwoa mama yako, ng'ombe waliingia zizini kwangu jioni. Sikuwaacha wazoee zizi. Niliwatoa haohao, nikaoa. Mwanangu wa kike akaniletea mwanangu wa kiume.” Bibi alishusha pumzi. “Mniko ni kaka wa mama yako, Mokami. Laiti ningejua, ningekwambia siku ya kwanza uliyolileta jina lake nyumbani. Nilidhani ni Mniko kama akina Mniko wengine.”

“Kaka wapi!” Mniko alikuwa amesimama. “Mimi ni damu ya Heche. Mama yake Mokami ni damu ya kwenu. Hizo damu zimekutana wapi?”

“Zizini,” alisema Bibi Gati.

Serikali ingewafungisha ndoa bila kuuliza swali la pili. Padri angeweza kuwabariki. Lakini wangekwenda wapi Ukuryani kote ambako hata mzee mmoja angeketi kwenye harusi hiyo?

Mniko alizunguka kwenye sebule ya kamba kama simba aliyefungiwa. Ghafla akasimama.

“Ng'ombe wakirudishwa je?”

Waisiko aliondoa kanga usoni.

“Ng'ombe wakirudishwa,” Mniko aliendelea, akizidi kuharakisha, “mama si mke wa mtu Itiryo. Ndivyo au sivyo? Na mimi nabaki mtoto wa Heche. Ndivyo au sivyo, Bibi?”

Bibi Gati alikitazama kikombe kitupu.

“Ndivyo,” alisema. “Wakirudi, na nikiwapokea.”

Simu ilikuwa imeshafika sikioni mwa Mniko, anampigia kijana wake wa kazi. “Selestine! Mura, uko mnadani? Pakia lori. Majike, wenye afya. Wewe pakia tu, bei tutajua wenyewe. Hapana, si wa kuchinja. Ni wa mahari. Sasa hivi, mura, nasema sasa hivi!”

Mokami aliondoka.

Alipita penye mlango wa sebule, akafuata ukumbi unaopinda kuukwepa mgunga mkubwa, akafika kwenye chumba cha mashariki. Chumba kikuu. Akasimama kati ya kamba nne, akiwapa mgongo wote.

Msomaji uliyekuwa nasi tangu mwanzo, unakijua chumba hicho. Unakumbuka siku Mniko alipoingia ofisini kwa Mokami na vumbi jekundu kwenye nyusi, akasema, “Nataka nyumba ya tofali na vioo. Tofali kwa sababu turubai nimelichoka. Vioo kwa sababu nimekula maisha yangu chini ya ardhi na giza nimeliona la kutosha.” Unakumbuka Mokami alivyogoma kukata mti hata mmoja, wakazozana, Mniko akashindwa, na kwa kushindwa kule wakapendana. Asubuhi ngapi walikaa hapa kwenye majani kutazama jua linakotokea, yeye akichora, Mniko akishikilia karatasi isipeperuke? Kitanda hapa. Kioo hiki kuanzia sakafuni. Mwanga unaingia kwanza miguuni, halafu unapanda.

Mniko aliruka kamba. Hakupita mlangoni.

“Lori haliko mbali. Ng'ombe wakishuka, yameisha.”

“Yameisha kwa nani?”

“Kwetu.”

“Na Bibi?”

“Bibi nitamtunza! Nitamjengea, nitamtibu, nitamwita mama kila siku ya Mungu.”

“Utamwita. Lakini hutakuwa wake.”

“Mokami, haya ni mambo ya wazee. Wewe umesoma.”

“Nimesoma kuchora nyumba.” Aligeuka. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni naye hakuyafuta. “Unajua nyumba ya kwanza niliyofanyia kazi ni ipi? Ile ya Itiryo. Nilikuwa mdogo, udongo unanipasua vidole, naikandika kila mwaka isianguke. Ilikuwa yako, Mniko. Miaka yote ile nilikuwa nakutunzia wewe nyumba, na sikujua.”

“Na hii? Hii umeichora kwa ajili ya nani?”

Mniko akamshika mikono yote miwili. Viganja vyake vilikuwa na sugu za kamba ya duara, na Mokami alizijua zote.

“Nijibu. Hii ni ya nani?”

“Yetu.”

“Basi sema neno moja. Bibi yako hakunyimi kitu. Ukimwambia apokee, atapokea.”

“Hilo ndilo ninaloliogopa.”

“Hodi.”

Waliachiana mikono. Bibi Gati alikuwa amesimama kwenye uwazi wa mlango. Alikuwa ametembea njia nzima kama sheria ya fundi inavyotaka: mlango wa mbele, sebule, ukumbi unaopinda penye mgunga, mkongojo wake ukiheshimu kuta ambazo hazipo.

“Karibu, Bibi.”

“Hapa panatosha. Chumba cha mwanangu siingii.”

Aliyasema hayo bila kukusudia kumuumiza mtu. Ndiyo maana yaliuma.

Macho yake yakaitazama kamba ya mashariki. “Ukuta huu ndio wa kioo?”

“Ndiyo, Bibi.”

“Kuanzia chini mpaka juu? Sasa ng'ombe wakipita si watamwona mtu akivaa?”

“Ng'ombe hawana umbea, Bibi!” Fundi Abdillah alipaza sauti kutoka sebuleni, kisha akajutia ulimi wake.

“Wa kwangu wanao,” alijibu Bibi, na kwa kitambo kidogo sana wote wanne nusura wacheke.

Halafu akamgeukia Mokami.

“Nimesikia habari ya lori. Nisikilize. Wewe ndiye uliyenichotea maji. Wewe ndiye uliyeniogesha nilipougua, ukanilisha kwa kijiko kama mtoto. Huyu niliyemngoja hajawahi hata kunisogezea kigoda. Si kosa lake. Lakini nikiulizwa nani nimpendelee, nitakuwa mwendawazimu nikikunyima wewe mume.”

“Bibi…”

“Nimemwona. Nimemshika uso. Wapo wanaokufa hawakuona chochote.” Akabana midomo. “Ukisema niwapokee ng'ombe, nitawapokea. Na mvua zikikatika, ile nyumba usiikandike tena. Iache ianguke.”

Akageuka, akaanza safari ya kurudi, akiufuata ukumbi, akiukwepa mgunga.

Mbali kati ya miti, honi ya lori ililia.

Mniko alimshika Mokami mabega. “Umesikia mwenyewe. Ameridhia. Ameridhia, Mokami!”

“Nimesikia.”

“Sasa unalia nini?”

“Nimesikia kuliko ulivyosikia wewe.”

Alijitoa mikononi mwake. Akapita mlangoni. Alimfikia bibi yake penye mgunga, akamshika mkono usio na mkongojo, na badala ya kumrudisha sebuleni akamtoa nje kwa mlango wa nyuma, wakakatiza majani mpaka kwenye kamba nyingine, kamba ndogo zilizojitenga peke yake upande wa machweo. Kibanda kizuri cha tofali, chumba na baraza, mbali kidogo na nyumba kubwa. Mama halali paa moja na mwanawe aliyeoa, kwa hiyo Mokami alikuwa amemchorea mama wa Mniko nyumba yake. Aliichora akimfikiria Waisiko.

“Huu ni mlango, Bibi. Pita.”

Bibi Gati akapita. Mokami akabeba matofali machache, akayapanga ndani ya kamba, akatandika kanga yake juu.

“Kaa.”

“Hapa ni kwa nani?”

“Ni nyumba ya mama wa mwenye nyumba. Nimeweka dirisha kubwa. Linatazama Itiryo.”

Bibi Gati alikaa. Alikuwa mzee, lakini alielewa haraka kuliko wote. Akamshika Mokami kiganja, akaking'ang'ania.

“Mjukuu wangu. Usifanye jambo ambalo kesho utanichukia nalo.”

Mokami alitaka kumwambia kwamba hatamchukia. Alitaka kumwambia kwamba mtu anaweza kuchora nyumba na asilale humo, kwamba wachoraji wote ndivyo wanavyoishi. Alichoweza ni kuinama na kubusu vile vidole vilivyopinda, kisha akavitoa kimoja kimoja kutoka kwenye mkono wake.

Waisiko alikuja taratibu kutoka upande wa gari. Alisimama nje ya kamba, kikombe cha maji mkononi, hajui kama anaruhusiwa kuingia.

Lori likatokeza. Lilikuja likilalamika kati ya migunga, limejaa pembe na macho na mkojo wa ng'ombe, Selestine amening'inia mlangoni akipunga fimbo. Alikuwa amepaka mafuta usoni kwa furaha ya watu wengine.

“Bosi! Hawa hapa, majike matupu! Tunawashushia wapi?”

Vibarua wakainamisha vichwa.

“Bosi? Mbona mko kama msibani?”

Mniko alikuwa amesimama nusu ya njia, kati ya nyumba kubwa na nyumba ndogo. Nyuma yake lori. Mbele yake kikongwe aliyekaa kwenye matofali, mkongojo magotini, anayemtazama kama mtu anavyotazama mlango uliofungwa kwa miaka thelathini. Na kati yao, Mokami.

Mokami alifuta uso kwa kiganja. Chokaa ikamwachia mstari mweupe shavuni. Akatembea kuelekea kwa Mniko, akasimama umbali ule anaosimama mtoto mbele ya mkubwa wake, si karibu, si mbali. Kila mtu alimwona akivuta pumzi. Mniko alimwona, na akaanza kutikisa kichwa.

“Hapana,” alisema. “Mokami, hapana. Ng'ombe wameshafika. Nakuomba.”

Akakunja magoti kidogo. Akaweka mkono wa kushoto chini ya kiwiko cha mkono wa kulia, kama alivyofundishwa Itiryo na yule yule aliyekaa nyuma yake.

“Shikamoo, mjomba.”

Nyundo ilimponyoka kibarua. Waisiko alikaza mikono yote miwili kwenye kikombe, maji yakamwagika. Ndani ya lori ng'ombe mmoja alilia, wenzake wakamwitikia, kisha wakanyamaza.

Mokami hakuinua kichwa. Hakunyooka, maana salamu hiyo haina namna ya kuirudisha mdomoni. Ina jibu moja tu, neno moja, ambalo kila mtoto wa nchi hii analijua kabla hajajua kuhesabu. Mniko akilitamka, Bibi Gati ana mwana. Akikaa kimya, Selestine atashusha mlango wa lori.

Bibi Gati aliinuka nusu kutoka kwenye matofali, mdomo wazi, hapumui.

Mniko aliitazama kamba ya mashariki, pale mwanga ulipokuwa uingie kwanza miguuni. Akamtazama msichana aliyekunja magoti mbele yake na chokaa shavuni.

Akafungua mdomo.